Mwenyeji Mchokozi: Uhakiki wa Mchezo wa Europa Universalis IV kwa Kipimo cha Mwambao wa Uyoma

Utangulizi

Wahakiki wetu wameizoea riwaya, tamthilia na ushairi, na wamekwisha kukubali kwamba filamu na nyimbo nazo zastahili kuhakikiwa. Michezo ya kompyuta wameiacha kando kwa kudhani kuwa ni mambo ya watoto. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina hasara. Mchezo wa kihistoria una msimulizi, una wahusika, una msamiati na una msimamo wake juu ya binadamu. Tena mchezaji hausomi tu, bali huutenda. Na jambo ambalo mtu amelitenda mara mia kwa mkono wake huona taabu kulitilia shaka.

Kazi tunayoihakiki ni Europa Universalis IV, iliyotungwa na Paradox Development Studio ya Stockholm, Uswidi, na kutolewa mwaka 2013. Mchezo huanza tarehe 11 Novemba 1444 na huishia mwaka 1821. Mchezaji huchagua dola moja katika ramani ya dunia nzima, akaiongoza kwa vita, kwa mikataba, kwa ndoa za kifalme, kwa biashara na kwa dini. Hakuna mshindi aliyewekwa tangu mwanzo: Uingereza yaweza kuanguka na Kilwa ikasimama. Kwa hakika huo ndio mvuto wake mkubwa kwa msomaji wa Afrika, naye hapaswi kuubeza.

Kipimo nitakachokitumia ni mwambao wa Uyoma, upande wa kaskazini wa mlango wa Ghuba ya Winam, mahali ilipo Luanda Kotieno. Jina hilo latosha kutufunulia mahali penyewe. Kwa Kijaluo luanda ni mwamba, na Kotieno ni ka pamoja na Otieno, yaani kwa Otieno. Ni kivuko: hadi leo feri hutoka hapo kwenda Mbita, ng'ambo ya ghuba. Sikuuchagua mwambao huu kwa kuwa una dola kubwa iliyosahauliwa. Nimeuchagua kwa sababu haukuwa na dola kabisa. Kila piny, yaani kila nchi ya koo zilizoungana, ilikuwa na ruoth wake, na hapakuwa na mfalme mmoja wa Wajaluo wote. Swali letu basi ni hili: mchezo uliojengwa juu ya dola huwatendeaje watu wasio na dola?

Fani: nani mtenda?

Tukiuchambua mchezo huu kama tunavyoichambua sentensi, twaona kwamba vitenzi vyake vyote vikubwa vina kiima kimoja, nacho ni dola. Dola huteka, hupatana, huoza binti zake, hutuma wamisionari, hugeuza dini. Mtawala hupimwa kwa stadi tatu, za utawala, diplomasia na vita, na kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 6. Uthabiti wa nchi nzima huandikwa kwa tarakimu moja kati ya -3 na 3. Mkoa nao una dini moja na utamaduni mmoja, kana kwamba mkoa ni mtu mmoja aliyekwisha kuamua.

Watunzi hawa si wapumbavu, wala hawakuitukuza vita pasipo kufikiri. Anayeteka haraka mno hujengewa chuki na majirani, nao huungana dhidi yake. Nchi iliyotekwa si mali ya mtekaji mara moja. Yabidi atumie muda na gharama ili ihesabiwe kuwa yake. Aidha, katika nyongeza ya mwaka 2016 ramani ya Maziwa Makuu ilitiwa falme zikiwamo Buganda na Rwanda, ambazo awali hazikuonekana. Hayo ni masahihisho ya kweli, na mhakiki akiyanyamazia atakuwa amedhulumu.

Lakini masahihisho hayo yalifuata kanuni ile ile. Aliyeongezwa ni yule mwenye mfalme. Asiye na mfalme alibaki katika fungu jingine, fungu la ardhi tupu iliyo wazi kwa walowezi. Mkoa wa namna hiyo huandikiwa wenyeji kwa hesabu tatu: idadi yao, uchokozi wao na ukali wao. Mgeni huteremsha walowezi, na hao wakifika 1,000 mkoa huwa umekwisha kuwa wake. Wenyeji hawana mjumbe wala mkataba, na sababu ya kupigana kwao haielezwi. Wana kiwango cha uchokozi tu.

Mtu aweza kusema kwamba mambo ya Uyoma nitakayoyataja ni ya baada ya 1821, na kwa hiyo yako nje ya mchezo. Hoja hiyo haina uzito. Watunzi hao hao walitoa Victoria 3 mwaka 2022, na mchezo huo huenda tangu 1836 hadi 1936. Humo pia jamii zisizo na serikali ya katikati zimetiwa katika ramani kwa majina, lakini mchezaji haruhusiwi kuzichagua. Aweza kuzifanya koloni. Hawezi kuwa mmoja wao. Karne imebadilika, kiima cha sentensi hakikubadilika.

Ushindi na diplomasia katika ziwa lisilovukika

Yupo mhusika mwingine aliyenyamazishwa, naye ni ziwa lenyewe. Katika Europa Universalis IV maziwa hayapitiki. Nam Lolwe, ambalo ramani za kigeni huliita Victoria, ni doa la buluu ambalo jeshi halina budi kulizunguka. Hivyo Buganda ya mchezo haina mitumbwi yake ya vita, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa nguvu yake kubwa ziwani. Na mahali kama Luanda Kotieno hapawezi kuwa na maana yoyote, kwa kuwa maana yake yote ni kuvuka. Baadhi ya koo zilizokwenda kukaa Nyanza Kusini zilivuka ghuba hii. Ndoa, samaki, nafaka na habari zilivuka pia. Kwa watu wa mwambao ziwa ni njia, na mchezo umeligeuza kuwa ukuta. Kosa hili laweza kuonekana dogo, lakini lina chanzo kimoja na lile la kwanza: ramani imechorwa na mtu anayetazama kutoka makao makuu, naye haoni mtumbwi.

Tuitazame sasa diplomasia ilivyokuwa kweli. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliolikata ziwa kwa mstari wa nyuzi 1 kusini. Mwambao wa Uyoma ukaangukia upande wa Waingereza, na hapana mtu wa Uyoma aliyeulizwa. Mwaka 1895 C. W. Hobley aliwekwa kwa Nabongo Mumia wa Wanga kuwa mwakilishi wa utawala mpya, na mwaka 1899 alipeleka msafara wa kijeshi wa kuwaadhibu watu wa Seme, Sakwa na Uyoma. Reli ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda, ambalo Uyoma ilikuwa ndani yake, lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki kwa amri ya London. Watu walilala Uganda wakaamka katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya.

Kwa sehemu hii mchezo waweza kujitetea, nao utakuwa na haki kidogo. Mkataba wa 1890 na amri ya 1902 ni matendo ya dola, na mchezo huyaonyesha vizuri: mkoa hubadilika rangi pasipo watu wake kusema neno. Mumia naye angetosha katika mchezo, kwa maana alikuwa mtawala aliyejua kumtumia mgeni mwenye nguvu dhidi ya jirani. Ila msafara wa 1899 hauingii. Kwa sarufi ya mchezo Uyoma ilipigwa kwa sababu kiwango cha uchokozi wake kilikuwa juu. Kwa sarufi ya mwambao mgeni alikuja pasipo kualikwa, akadai kutiiwa, akakataliwa. Tukio ni lile lile. Mchokozi ni mwingine.

Simulizi za Wajaluo zenyewe hazikosi habari za ushindi na diplomasia, na yafaa tuzilinganishe. Katika hadithi ya Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, maadui waliposhindwa kwa mkuki walimpelekea mke. Mke huyo akagundua kwamba nguvu za mumewe zimo katika kivuli chake, akawapelekea watu wake habari, na kivuli kikachomwa. Katika mchezo ndoa ya kifalme huleta uhusiano mwema na huenda ikaleta dai la kurithi kiti. Mwanamke mwenyewe hana la kufanya. Katika hadithi mwanamke ndiye mtenda: anaona, anapima na anaamua amtumikie nani. Msimulizi wa jadi, ambaye hakuwa na kompyuta, alijua kwamba diplomasia hufanywa na watu walio ndani ya nyumba.

Uteuzi wa dini

Dini ndiyo sehemu ambayo mchezo huu unasifiwa zaidi, na ndiyo sehemu unapokosea kwa kina zaidi. Mtawala Mkatoliki aweza, baada ya Matengenezo ya Kanisa, kugeuka Mprotestanti kwa kubonyeza kitufe, akilipia kwa uthabiti wa nchi. Kisha hutuma mmisionari mkoani, na kazi huhesabiwa kwa asilimia hadi ifike 100. Siku hiyo dini ya kale imekwisha na dini mpya imeanza. Raia wasioridhika wana tendo moja tu waliloachiwa, nalo ni kuasi.

Twende kwanza Buganda, mahali ambapo mchezo ungetarajiwa kufaulu kwa kuwa palikuwa na mfalme. Kabaka Mutesa I alifunga Ramadhani na kuwasomea watu wake habari za Uislamu, kisha mwaka 1876 akawaua vijana wa Kiislamu waliokataa nyama aliyoichinja yeye asiyetahiriwa. Mwaka 1875 alimpokea Stanley, na matokeo yake Waprotestanti wa CMS walifika mwaka 1877, nao Mapadri Weupe wakafika mwaka 1879. Alifariki mwaka 1884 pasipo kutahiriwa wala kubatizwa. Je, aliteua dini gani? Ufundi wake ulikuwa katika kutoteua, maana kila mgeni aliyetumaini kumpata alikuwa na sababu ya kumheshimu. Mchezo hauna kitufe cha kusitasita, na kwa hiyo hauwezi kumweleza mwanadiplomasia hodari kuliko wote waliokaa kando ya ziwa hili.

Tena walioamua hatimaye hawakuwa wafalme. Walikuwa vijana wa ikulu, na jina walilopewa lafaa litushughulishe sisi watu wa lugha. Kwa Kiganda waliitwa basomi, wasomaji. Neno hilo la Kiswahili, soma, lilivuka hadi Kijaluo pia. Jasomo ni msomaji au mwanafunzi, na josomo ndio walioandamana na misheni. Kanisa la CMS lilifungua kituo cha Maseno mwaka 1906, na mwaka huo huo Waadventista wa Sabato walianza kazi Gendia, ng'ambo ya ghuba. Kijana aliyekwenda huko alisema kwamba anakwenda kusoma. Alikuwa akitafuta herufi, hesabu, kazi ya karani, uwezo wa kumjibu mkuu wa wilaya kwa maandishi yake, na Mungu pia, yote kwa kitenzi kimoja. Ukimhesabu kuwa asilimia fulani ya mkoa uliogeuzwa, umeufuta uamuzi wake na kuuandika kwa jina la aliyemfundisha.

Wala dini ya kale haikuondoka ili mpya iingie. Jina la Mungu lililokuwa Nyasaye lilibaki kuwa Nyasaye katika sala za Kikristo. Hapo asilimia yetu itahesabiwa upande gani?

Mfano ulio bora ni wa Johana Owalo wa Asembo, jirani wa Uyoma. Katika maisha yake alipita kwa Waprotestanti, kwa Wakatoliki na kwa Waislamu. Alisimulia kwamba mwaka 1907 alichukuliwa katika maono hadi mbinguni. Mwaka 1914 alianzisha Nomiya Luo Mission, ambalo huhesabiwa kuwa kanisa la kwanza la Kenya kujitenga na wamisionari. Wafuasi wake walimkubali Yesu kuwa nabii na si Mungu, na walitahiri wanaume, desturi ambayo haikuwa ya Wajaluo. Owalo hakumwasi mtawala, wala hakumtii mmisionari. Alichukua kila mahali alichokiona cha kweli. Nalo jina alilolitumia ni kitenzi: nomiya, alinipa. Mpaji ni Mungu na mpokeaji ni mimi. Dola haimo katika sentensi hiyo wala haihitajiwi.

Mwaka mmoja kabla, mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego alisimulia kwamba joka kubwa la ziwani, Mumbo, lilimmeza, likamtema akiwa mzima, likamwagiza awaambie watu kwamba dini ya Wazungu imeoza na kwamba Wazungu watatoweka. Habari hiyo ilienea hadi Kisii. Serikali iliiona kuwa ni uasi, na mchezo wetu ungeiona hivyo hivyo. Lakini Mumbo hakuwa na jeshi wala hakudai kiti cha mtu. Ilikuwa hoja juu ya ulimwengu, nayo ilitolewa na ziwa, yaani na yule mhusika ambaye mchezo umemfanya ukuta.

Tatizo la tafsiri

Msomaji aweza kuuliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na haya. Sababu ni kwamba mchezo huu ulitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na Kiswahili hakimo. Michezo ya namna hii ikija kutafsiriwa kwa Kiswahili, watakaoombwa msamiati ni idara zetu. Siku hiyo tutakuwa na uchaguzi wa kufanya, na maneno matatu yatosha kuonyesha ugumu wake.

La kwanza ni jina ambalo mchezo umezipa dini nyingi za jadi za Afrika. Asili yake ni neno la Kireno feitiço, uganga au hirizi, ambalo mabaharia walilitumia kwa vitu walivyoviona Afrika Magharibi. Tukilifasiri kwa neno ushirikina tutakuwa tumehukumu kwa kipimo cha Uislamu. Tukisema upagani tutakuwa tumehukumu kwa kipimo cha Ukristo. Dini za jadi ni tafsiri isiyo sawa na asili yake, nami nadhani hapa kutokuwa sawa ndio uaminifu.

La pili ni himaya. Asili yake ya Kiarabu ni ulinzi, na kwa maana hiyo lilifaa kuziitia nchi ambazo Waingereza walidai kuzilinda. Leo wengi hulitumia kwa maana ya milki ya mtawala. Neno lenyewe limebeba historia nzima ya mlinzi aliyegeuka mwenye mali. Mfasiri asilitumie ovyo kwa kila dola kubwa, maana ataipoteza kumbukumbu hiyo.

La tatu ndilo zito kuliko yote, yaani wenyeji. Kamusi itatuambia kwamba neno la Kiingereza native ni mwenyeji, na mfasiri ataandika pasipo kusita: wenyeji, uchokozi, ukali. Lakini mwenyeji kwa Kiswahili si mtu aliyekutwa mahali. Ni mwenye mji, mwenye haki ya kukaribisha na wajibu wa kukirimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, na methali hiyo humpa kila mmoja nafasi yake na adabu yake. Mtu hawezi kuwa mchokozi wa mgeni aliyeingia nyumbani mwake kwa bunduki pasipo hodi. Msemaji wa Kiswahili akisoma maneno hayo mawili yamewekwa pamoja, mwenyeji mchokozi, ataona kwamba sentensi imevunjika hata kabla hajafikiria siasa. Lugha yenyewe inaukataa mchezo.

Yupo atakayependekeza kwamba tutafute neno jingine, lisilo na heshima hiyo, ili tafsiri iende vizuri. Mimi napinga. Neno wenyeji libaki, na kiwango cha uchokozi ndicho kiondolewe. Tafsiri inayolainisha mahali hapo itakuwa imewafundisha vijana wetu kujiita kwa Kiswahili kile walichoitwa kwa Kiingereza.

Hitimisho

Tumeona kwamba Europa Universalis IV ni kazi yenye maarifa mengi na bidii kubwa, na kwamba udhaifu wake hautokani na uchache wa habari za Afrika. Falme zaweza kuongezwa kila mwaka na kosa likabaki. Kosa limo katika sarufi: dola ndiyo kiima cha kila kitenzi, na mtu wa kawaida hupewa kitenzi kimoja, kuasi. Mwambao wa Uyoma watuonyesha vitenzi vingine: kuvuka, kukaribisha, kukataa, kusoma, kupewa, kusitasita. Kwa vitenzi hivyo watu waliishi chini ya dola zilizogawana ziwa lao, na kwa hivyo waliamua mambo ambayo dola hazikuyaamua.

Haitoshi basi kudai kwamba Wajaluo nao wapewe dola katika ramani, wapate rangi yao na bendera yao. Hilo lingekuwa kuwaheshimu kwa kuwafanya wasivyokuwa. Atakayetunga mchezo wa historia kwa lugha zetu na aanze na swali jingine: mchezaji awe nani? Aweza kuwa kijana wa Asembo mwenye milango mitatu ya dini mbele yake, au mke aliyepelekwa kwa maadui, au mwenye mtumbwi wa Luanda Kotieno anayesikia habari za kila ng'ambo kabla ya ruoth hajazisikia. Mchezo kama huo utakuwa mgumu kuutunga, kwa kuwa mchezaji wake hataweza kuiona dunia yote kwa mara moja. Nasi hatukuwahi kuiona hivyo.